Bodi za fiberi za mashine ya vifaranga: nikate na nini nikiwa chumba kimoja Umoja?

Kifaranga37

Wadau, salamu.

Natengeneza vidhibiti vya joto na unyevu vya mashine za kuangulia vifaranga. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa Ruai, Kitengela na Kikuyu, na oda siku hizi zimeongezeka. Saketi nachapisha kwa tona (wino wa unga wa printa) na pasi, shaba natoa kwa feriki kloraidi, natoboa, napiga solda. Huko kote sina maneno. Kinachonila muda ni kukata.

Nanunua bodi Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi: fiberi ya sentimita 20 kwa 30, unene milimita 1.6, shaba upande mmoja. Kidhibiti kimoja ni milimita 65 kwa 95. Kwa sasa natumia heksoo (msumeno wa chuma), bodi nimeikandamiza kwa goti juu ya stuli. Mstari haunyooki vizuri na kingo inabidi nizipige tupa hadi usiku.

Hali yangu: gorofa ya tatu, chumba kimoja, mke na mtoto wa miaka miwili. Keateka, mwangalizi wa jengo, ni mkali kwa kelele. Nimeshauriwa mkasi wa bati, gilotini ya karatasi, na vile vidrili vidogo aina ya Dremel vyenye disiki ya almasi. Nina pesa ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu. Kiwe kipi?

Chuma_Moto

Grinda ndogo, disiki ya kukata chuma ya milimita moja. Bodi nzima imeisha kabla chai haijapoa. Shuka nayo kwa parking, keateka mpe ya soda. Hizo zingine ni kujitesa bure.

MamaSolda

Chuma_Moto, umepaona mahali ameandika mtoto?

Fiberi ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Ukiipitishia grinda kavu unaisaga kioo. Lile vumbi jeupe la kwanza unaliona likianguka. Lililo laini zaidi hulioni, linabaki hewani na unalivuta. Kwenye ngozi linawasha, hasa shingoni kwenye kola na kwenye mikunjo ya viwiko. Na ile harufu kali disiki ikipata moto ni gundi inayoungua pamoja na dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa ndani. Kwa FR-4 nyingi, yaani hizi bodi za fiberi, dawa hiyo ina bromini. Si moshi wa kuvutia karibu.

Nilifanya kazi kwenye karakana moja ya inverta ambako grinda ililia kutwa nzima na tukapewa barakoa za kitambaa. Kitambaa hakizuii vumbi hilo. Tafuta N95 au FFP2 inayokaa usoni bila kuacha mwanya. Nguo za kazi usizitupe kwenye beseni moja na za mtoto. Usifagie na usipulize kwa mdomo; futa kwa kitambaa kibichi. Hata heksoo ina vumbi, ila lake ni la chembe kubwa na linaanguka palepale, kwa hivyo gazeti lililoloweshwa chini ya bodi linalikamata.

Kwa chumba kimoja mimi grinda naiondoa kwenye orodha kabisa. Hata hicho kidrili kidogo. Disiki ni ndogo lakini inazunguka makumi ya maelfu kwa dakika, na vumbi lake ni lilelile.

Chuma_Moto

Mama, mimi nimekata miaka na bado nakimbia. Lakini sawa, mambo ya mtoto nimeyasikia.

Mwalimu_wa_Karakana

Bwana Kifaranga, kabla ya chombo tuangalie unachokikata, maana madukani pale kuna bodi za aina mbili na mwenye duka hakuambii mpaka umuulize.

Inyanyue kwenye mwanga. Ikiwa ya kahawia na haipitishi mwanga, hiyo ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ya fenoli, FR-1 au FR-2. Ikiwa ya rangi ya kijani hafifu au manjano hafifu, na ukiitazama upande usio na shaba unaona kitambaa ndani yake, mistari ikipishana kama ya mkeka, hiyo ndiyo FR-4. Kwa kazi yako usishawishike na bei ya ile ya kahawia. Mashine ya vifaranga inakaa nyuzi joto 37.5 na unyevu wa asilimia 50 na zaidi kwa siku 21 mfululizo, na karatasi hunywa maji.

Sasa kukata. FR-4 inalika vibaya na chuma kwa sababu kioo ni kigumu. Kinayasaga meno hadi yaishe makali. Bledi ya kawaida ya heksoo inapoteza makali mapema, nawe unaendelea kusukuma ukidhani tatizo ni mkono. Kwa hivyo, kwa chumba kimoja, jibu langu ni kisu cha kukwaruzia, kile chenye ncha ya ndoano ambacho wauza perspeksi (plastiki angavu kama kioo) hutumia. Hakikati kama wembe. Kinavutwa kuja kwako na kila mvuto unatoa uzi mwembamba wa gundi na kioo. Hakina kelele, na vumbi lake ni kidogo sana ukilinganisha na kitu chochote kinachozunguka.

Namna yake: weka rula ya chuma juu ya mstari, ibane na klampu mbili, usitegemee vidole. Mivuto ya kwanza iwe myepesi, kazi yake ni kuchora njia tu. Kisu kikishapata njia, ongeza uzito. Upande wa shaba hakikisha shaba imekatika yote mpaka unaona gundi, la sivyo ukivunja itabanduka na kuvuta njia ya saketi iliyo karibu. Kisha geuza, kwaruza nyuma mahali palepale. Mifereji miwili ikishakula karibu nusu ya unene kwa jumla, bana bodi kati ya vyuma viwili vya pembe, mstari ukiwa sawasawa na ukingo wa chuma, na uvunje kwa ubao, si kwa mkono mtupu. Ikisita, usilazimishe, rudi ukwaruze. Ukivunja mapema nyuzi za kioo hazikatiki, zinachanika, na ukingo unaota ndevu.

Viwandani hufanya hivyohivyo kwa mashine. Wanapitisha mfereji wa umbo la V juu na chini na kuacha karibu theluthi moja ya unene katikati, bodi zinasafiri zikiwa zimeshikana na wewe unazivunja mwenyewe. Tofauti ni kwamba mashine yao inapiga juu na chini kwa usahihi ambao mkono hauna.

Kifaranga37

Asante sana Mwalimu. Nimeangalia, yangu ni ile yenye kitambaa. Maswali mawili. Huo mstari wa nyuma naupataje mahali palepale wakati nyuma hakuna alama yoyote? Na heksoo yangu niitupe?

Sufuria_Nzito

Kabla Mwalimu hajajibu, mimi niko Kamukunji, tunakunja bati za majiko na masanduku. Tuna mkasi mkubwa wa mkono uliofungwa kwa meza. Jamaa wa elektroniki huja na bodi zao, tunazikata kwa pigo moja chap chap, hakuna vumbi hata. Kwa nini mnateseka na visu? Unatoa pesa kidogo, unarudi na bodi zako kwa mfuko.

MamaSolda

Mkasi wa meza ni mzuri, ila uliza bledi zake zimekaribiana kiasi gani. Ule unaokata bati nzito kutwa nzima una nafasi katikati, na bodi ikiingia hapo haikatwi, inakunjwa kwanza kisha inapasuka. Angalia ukingo baada ya kukata. Ukiona mstari mweupe unaoingia ndani milimita moja au mbili, hizo ni tabaka zimeachana. Kwa redio ya kuchezea si neno. Kwa bodi yenye stima ya volti 240 ndani ya sanduku lenye unyevu, huo weupe ni njia ya maji.

Na ile ya kahawia ukiipeleka kwa mkasi ikiwa baridi inamegeka vipande. Lazima uipashe kwanza, hata kwa drai ya nywele, mpaka iwe moto mkononi.

Mkasi wa bati wa mkono wala usiulize. Unaipinda bodi kila unapopita.

Sufuria_Nzito

Kuhusu nafasi ya bledi uko sawa dada. Yetu inakazwa kwa bolti mbili ubavuni na wengi hawakazi. Mtu akija na bodi, aseme ni bodi, tutakaza. Akisema "nikatie hii" anakatiwa kama bati.

Mwalimu_wa_Karakana

Bwana Sufuria amesema kweli, na kwa atakayekata bodi nyingi kwa pamoja, mkasi uliokazwa vizuri unashinda kisu. Gilotini ya karatasi ya ofisini nayo inafaa kwa bodi nyembamba ya milimita 0.8 kushuka chini. Kwa 1.6 utapinda mkono wake, na karatasi za watu hutazikata tena.

Heksoo usiitupe. Badilisha bledi. Zinauzwa za meno 18, 24 na 32 kwa inchi, na wengi wanapewa 18 kwa sababu ndiyo ya mabomba. Chukua 32. Sheria ya mafundi wa chuma ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya kitu kwa wakati mmoja. Bledi ya 32 ina jino kila milimita 0.8, kwa hivyo ukisimamisha msumeno wima kwenye bodi ya 1.6 unapata meno mawili tu, ndiyo maana inarukaruka na kumega kingo. Lakini ukiulaza hadi pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye bodi, msumeno unapita kwenye urefu wa milimita 3.2, yaani meno manne. Hapo utasikia sauti yenyewe ikibadilika, kutoka kugonga hadi kuteleza. Shaba iwe juu, meno yaelekee mbele, ili msumeno uikandamize shaba kwenye bodi badala ya kuiinua.

Na goti si jiliwa. Jiliwa dogo la kubana mezani ni rahisi kuliko daktari wa mgongo.

Tona_na_Pasi

Swali la mstari wa nyuma nalijibu mimi, maana hapa ndipo wengi wanapoteza muda bure. Suluhisho haliko kwenye kisu, liko kwenye mchoro.

Unapopanga bodi tisa kwenye karatasi moja, usiache shaba katikati yao. Chora njia tupu ya upana wa milimita 2 kati ya bodi na bodi, asidi (hiyo feriki kloraidi yako) itaila shaba yote hapo. Faida yake: kisu hakikutani na shaba kabisa, hakuna kubanduka, hakuna chembe za shaba kwenye ukingo zinazoweza kugusa sanduku la chuma. Rula nayo unailaza kwenye ukingo wa shaba iliyobaki, tayari imenyooka.

Kisha kila mwisho wa njia hiyo weka tundu dogo la milimita 1 katikati. Unapotoboa matundu ya vipuri, toboa na hayo. Ukigeuza bodi, matundu mawili yanakuonyesha mstari, unalaza rula kutoka tundu hadi tundu na unakwaruza.

Hesabu yako inakubali pia. Bodi ni 200 kwa 300. Tatu za 65 ni 195, zinabaki milimita 5 kwa mikato miwili. Tatu za 95 ni 285, zinabaki 15. Jumla tisa kwa bodi moja. Upande wa 65 ndio umebana, kwa hivyo kingo za nje usizikate, tumia zilivyotoka kiwandani. Ila zipime kwanza kwa skweya. Ile bodi kubwa dukani wakati mwingine imekatwa na muuzaji mwenyewe, na mkato wake si wa kiwandani hata kidogo.

Kifaranga37

Hii ya kuacha njia tupu sikuwahi kuisikia. Kwa hivyo natoboa kwanza, halafu ndiyo nakata?

Tona_na_Pasi

Ndiyo. Chapisha, asidi, osha, toboa, kata. Bodi kubwa ni rahisi kuishika kwenye drili kuliko kipande cha 65. Vipuri usiweke kabla ya kuvunja. Bodi inapinda kidogo ikivunjika, na kapasita za kauri zile ndogo za kubandika juu hupata ufa usioonekana. Zinakuja kufeli kwa mteja.

Msafiri_wa_Kontena

Mnajadili visu karne hii? Tuma faili Uchina, bodi za milimita 100 kwa 100 zinatoka kwa dola chache, zimekatwa, zimetobolewa, zina rangi ya kijani na maandishi. Yako ya 65 kwa 95 inaingia kabisa.

Kifaranga37

Mkuu, kwa muundo uliotulia nitafika huko. Sasa hivi kila mfugaji anataka kitu tofauti: huyu feni mbili, yule kengele stima ikipotea, mwingine betri ya pikipiki. Nikisubiri mzigo, mayai yameshaingia mashine. Na usafirishaji unanigharimu kuliko bodi zenyewe.

Msafiri_wa_Kontena

Haki. Basi ukitulia tuongee.

Kioo_cha_Ngara

Mimi natoa wazo la katikati. Kuna mashine ndogo za kukatia vigae, zenye disiki ya almasi na beseni la maji chini. Disiki inazunguka ikiwa majini, vumbi lote linakuwa tope. FR-4 inapita vizuri sana, ukingo unatoka umeng'aa. Kelele ipo lakini si ya grinda. Kama una rafiki mwenye karakana Kariobangi Light Industries, muiweke mashine hiyo hapo mtumie wote.

Tahadhari mbili tu. Tope usilimwage kwenye sinki, likikauka linarudi kuwa vumbi. Lichuje kwa kitambaa, ulifunge kwenye karatasi, litupe. Na bodi ikitoka majini iache ikauke vizuri kabla ya solda, kwa sababu ukingo uliokatwa hunywa maji kidogo.

Chuma_Moto

Hii ya maji hata mimi naikubali. Na leza je? Kuna jamaa ana ya kukatia mbao, anaandika majina kwa vishikizo vya funguo.

Mwalimu_wa_Karakana

Hapana, Bwana Chuma. Leza nyingi za mbao ni za gesi ya kaboni dioksidi, na shaba inarudisha mwanga wake kama kioo cha kujitazamia. Hata pale ambapo shaba imeondolewa, nyuzi za kioo haziungui kama mbao. Gundi ndiyo inayoungua, unabaki na mkaa mweusi ukingoni, na moshi ndio uleule Mama Solda aliouelezea. Mkaa nao unapitisha umeme. Hilo kwa bodi yenye 240 ni balaa.

Kifaranga37

Nimeenda Kirinyaga Road leo nikapata kisu cha ndoano pamoja na bledi za akiba, na bledi mbili za meno 32. Klampu ninazo. Vyuma vya pembe fundi wa madirisha hapa mtaani amenikatia vipande viwili vya sentimita 35.

Nimejaribu kwenye kipande kilichobaki. Ule uzi mwembamba unaotoka ni kama alivyosema Mwalimu, unajikunja mbele ya kisu. Bodi imevunjika kwa mlio mmoja na mtoto hakuamka. Ukingo una ukali kidogo, nimeupitisha kwenye msasa.

Swali la mwisho. Kwenye bodi nina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowasha hita ya 240. Nataka kukata mwanya chini yake, kati ya upande wa stima na upande wa betri. Kisu hakiingii katikati ya bodi.

MamaSolda

Hongera. Msasa uloweshe, namba 240 kisha 400, uulaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha na usugue bodi juu yake. Kingo zinatoka zimenyooka na vumbi linabaki kwenye maji. Ukitumia tupa, isukume kutoka upande wa shaba kuelekea upande usio na shaba, usiirudishe.

Mwanya ni wazo zuri. Kati ya njia za stima na za betri acha milimita 6 au zaidi hata ukiwa na mwanya, na shaba ya stima isikaribie ukingo wa bodi.

Mwalimu_wa_Karakana

Kwa mwanya, toboa safu ya matundu ya milimita 2 yanayokaribia kugusana, kisha unganisha kwa msumeno wa sonara. Ni ule wenye fremu ya umbo la U na bledi nyembamba kama uzi. Bledi inaingizwa kwenye tundu la kwanza, halafu ndiyo inafungwa kwenye fremu. Meno yaelekee chini kwenye mpini, maana huo unakata ukivutwa, kinyume na heksoo. Kaza mpaka ukiigusa kwa kucha inalia. Ikilegea inapotea njia na kukatika.

Bledi zake nunua dazani. Fiberi inazimaliza haraka, na ukitumia iliyokufa ndipo unapoanza kulazimisha na kuchana njia ya saketi. Wauza vifaa vya sonara wanazo. Kama huzipati, matundu yenyewe na tupa ndogo bapa vitafika, ni uvumilivu tu.

Sufuria_Nzito

Kijana, ukifika bodi hamsini kwa wiki njoo Kamukunji, mkasi utaukuta umekazwa.

Tona_na_Pasi

Na vile vipande vya pembeni vinavyobaki usitupe. Mimi niko Buruburu, navitumia kwa saketi za taa za LED. Nitumie ujumbe tukubaliane bei.

Kifaranga37

Vya upana wa mm 10 hivi kwa 200 vipo tele. Jumamosi mchana niko nyumbani.